Kilio cha Luteni Kangwa

Tangu wamfungie, Meja Alexis hakuwa ameonja chakula cha gereza. Alikula kile tu alicholetewa na mkewe, tena baada ya mlinzi kukionja mbele yake. Kapteni Victorine Mapalo, mpelelezi wa makosa ya kijeshi, alimkuta amekaa sakafuni, mgongo ukutani, macho mlangoni. Alipoona ni yeye alishusha pumzi, lakini hakusogea.

Kesi yake mji mzima wa Lubumbashi ulikuwa unaijua. Kikosi cha askari wa miguu kiliingia bonde la Mulonde, mbele ya Lukafu, kuwafukuza waasi waliojichimbia mlimani. Waasi walikuwa na bunduki kubwa huko juu. Walipoanza kufyatua, askari walikwama mtoni, mbele hapapitiki na nyuma hapapitiki. Wakaita helikopta. Meja Alexis akaruka kutoka uwanja wa ndege wa Luano, akafika, akazunguka mlima, akazunguka tena, kisha akarudi bila kupiga hata risasi moja. Waliokuwa mtoni waliuawa karibu wote. Jioni ileile wajane walikuwa mlangoni kwake na mawe, na mji ukamwita msaliti.

Yeye alikuwa na maelezo yaleyale tangu mwanzo. Helikopta ikienda kuwasaidia watu wa chini haipigi ovyo. Kikosi kina mwongozaji wake, anayebeba redio na vitambaa vya rangi ya chungwa. Vitambaa anavitandika pale walipo wenzake, na kwa redio anamweleza rubani apige wapi. Kwenye chungwa hapapigwi, hata iweje. Siku ile Meja aliona chungwa juu ya mlima, palepale palipokuwa panatoka moto wa bunduki. Na sauti ya mwongozaji, Luteni Sylvain Kangwa, ikamwambia asipige.

Shida ni kwamba Luteni Kangwa alikuwa amekufa. Ripoti ya Kanali Aristote, mkuu wa operesheni, ilisema aliuawa kwa risasi za kwanza, kabla helikopta haijawasha injini. Maiti yake iliokotwa mtoni imeungua. Iliwekwa katika sanduku, sanduku likapigwa misumari, likazikwa kwa heshima zote. Kwa hiyo, kwa hesabu ya ripoti, Meja alikuwa mwongo, na vile vitambaa ni yeye aliyewapelekea waasi.

Victorine hakumuuliza tena aliona nini. Alimuuliza aliijuaje ile sauti.

"Tulisoma pamoja, Capitaine," Meja alijibu. "Sylvain iko muntu ya Sakania, anasemaka Swahili na mudomo ya Kibemba. Ananiitaka 'mukubwa'. Kule mu redio muntu aliniita 'mukubwa'. Nani mwingine anajua ile?"

"Alisema namna gani?"

"Polepole. Sylvain hasemaka polepole."

Victorine alipoinuka kuondoka, Meja akamwita arudi. Kulikuwa na jambo lililomkosesha usingizi. Mkewe alimsimulia kwamba siku ya mawe wajane wote walikuja isipokuwa mmoja, Christiane, mke wa Sylvain. Huyo alikuja siku ya tatu, kwa mlango wa nyuma, na beseni la unga na maharage. Alisema pole, akaondoka. Meja alimwamuru mkewe akamwage kila kitu mbali na nyumba.

"Iko sumu," alisema. "Bwana yake amekufa sababu yangu, na yeye analeta maharage?"

Victorine alitoka na swali hilo kichwani. Mjane anayeamini kwamba rubani ndiye aliyemuulia mume hapeleki chakula kwa mke wa rubani. Kama haikuwa sumu, basi Christiane alijua kwamba Meja hana kosa. Na jambo hilo lisingeweza kumfikia isipokuwa kwa mtu aliyekuwa mlimani.

Nje ya gereza dereva wake wa siku zote hakuwepo. Kwenye usukani alikaa mwanaume mnene asiyemfahamu. Alisema mwenzake anaumwa, na yeye ametumwa na ofisi ya Kanali. Aliuliza wanaenda wapi. Alipojibiwa, aliandika kitu kwenye simu yake kabla ya kuwasha gari.

Walipitia kwanza hospitali, kwa askari mmoja aliyejikokota kutoka mtoni na risasi pajani. Alipomwona Kapteni anakuja alijifunika shuka kichwani, akazungumza akiwa amegeukia ukuta. Victorine alimuuliza kama ni kweli alimwona Luteni Kangwa akifa. Askari alisema hapana. Alichoona ni Luteni akianguka vichakani, risasi za kwanza zilipolia. Kuanguka aliona, kufa hakuona. Waliomwandikia maelezo ndio walioandika kufa. Kisha akamsihi asirudi tena. Mwenzake wa kitanda cha pili alichukuliwa jana kwenda kuhojiwa, na kandambili zake zilikuwa bado chini ya kitanda.

Nyumba ya Sylvain ilikuwa Kampemba, upande wa barabara ya Luano. Kilio cha msiba kilikuwa kinaendelea. Turubai lilifungwa mbele ya nyumba, wanaume kwenye viti vya plastiki, wanawake kwenye mikeka wakiimba nyimbo za kanisa. Christiane alikaa katikati yao kwenye mkeka wa mfiwa, amejifunga kitambaa cheusi kichwani. Aliyekuwa anapita na sinia la maji ni Michelle, mke wa Koplo Ariel wa kikosi kilekile. Ariel hakuwa miongoni mwa maiti wala miongoni mwa waliorudi. Michelle hakuvaa nyeusi, na aliyempa pole alimjibu kwamba bwana yake hajafa. Lakini kila siku alikuja hapa kulia kilio cha mwingine, kwa sababu cha kwake hakikuwa na sanduku.

Dereva mnene alibaki getini, ndani ya gari, kioo kimeshushwa.

Victorine alimwomba Christiane wazungumze kando. Walikwenda nyuma ya nyumba, kwenye ua wenye jiko la mbabula na ghala dogo la makala, mkaa wa kupikia. Mlango wa ghala ulikuwa umefungwa, ila kufuli halikuwepo. Mtu wa Lubumbashi haachi makala yake bila kufuli, hata akiwa msibani. Victorine aliliona hilo, akakaa kwenye kigoda kana kwamba hakuona kitu. Aliuliza kuhusu maharage.

"Padri alituambia tusamehe," Christiane alisema. Jibu lilitoka haraka, kama limewekwa tayari.

Baada ya hapo akaanza kumfukuza kwa adabu. Alisema wamama wanamngoja, alisema mvua inakuja, alisema kichwa kinamuuma. Na kila alipomaliza sentensi alitazama upande wa Luano. Mawingu yalikuwa upande mwingine kabisa.

Victorine akajua anachokiogopa. Kila alasiri, mnamo saa hizo, helikopta iliondoka Luano kwenda Lukafu kuchukua majeruhi, na njia yake ilipita juu ya mabati haya. Mtu aliyetoka mlimani asingeweza kutulia chini ya mlio huo. Akaomba maji ya kunywa. Alipoletewa akayanywa funda moja moja, akiweka glasi chini kila mara.

"Capitaine, nakuomba," Christiane alisema. "Uende tu."

"Namaliza maji, mama."

Mlio ukaanza mbali, kama mtu anayepiga godoro kwa fimbo. Ukakua. Masufuria yakatikisika kwenye kichanja. Helikopta ilipofika juu ya paa, gunia lilianguka ndani ya ghala, na baada ya gunia ikasikika sauti ya mwanaume anayejiziba mdomo kwa mikono miwili. Christiane alipiga magoti, akashika miguu ya Victorine.

Lakini Victorine hakuwa anatazama ghala. Alikuwa anatazama juu. Helikopta zilikuwa mbili, zimefuatana, na kila moja ilikuwa imening'iniza roketi ubavuni. Ya majeruhi huwa moja, na haibebi roketi. Shambulio jipya la Mulonde lilikuwa limepangwa kwa kesho alfajiri. Hilo lilizungumzwa wazi maofisini. Kumbe walikuwa wamelitanguliza. Na tangu Meja afungwe marubani walikuwa na amri mpya, kwamba habari za chungwa zimekwisha, watapiga popote panapotoka moto.

Alifungua mlango wa ghala. Luteni Sylvain Kangwa alikuwa amejikunja nyuma ya magunia, mikono kichwani, mwili mzima vumbi jeusi. Ndevu zilikuwa zimemwota ovyo. Alipomwona mwenye sare akasema asipigwe mbele ya mkewe.

Victorine alichuchumaa. Hakuwa na muda wa kumtuliza. Alimbana kwa maswali mafupi, na Sylvain akajibu kwa harakaharaka, akimeza nusu ya maneno.

Asubuhi ile walitembea kwenye mvua. Koplo Ariel alikuwa na homa, anatetemeka, na Sylvain akamvua koti lililolowa akampa lake, lenye jina kifuani. Risasi za kwanza zilimpata Ariel pale mtoni, na bomu lililofuata likamuunguza. Huyo ndiye waliyemzika. Sylvain aliteleza bondeni, waasi wakamkamata pamoja na redio na mfuko wa vitambaa. Walimpandisha mlimani. Askari wengine wanne walikuwa wamekamatwa pia. Waasi wakatandika vitambaa kwenye jiwe, kando ya bunduki yao, wakawakalisha wale wanne juu ya jiwe hilo, mikono imefungwa. Halafu helikopta ikaja, na mtu akamwekea Sylvain bastola kisogoni, akamwambia azungumze.

"Kama ningesema piga, tungekufa bote," alisema. "Nilisema usipige. Na bale ba ku mutoni bakakufa."

Mzunguko wa pili Meja Alexis alipita chini sana, waasi wakalala kifudifudi, na Sylvain akajitupa mteremkoni. Alitembea porini mpaka Lukafu. Lori la makala likamleta mjini. Alipofika kwake kilio kilikuwa kimeshaanza. Alisimama nyuma ya ukuta akasikia wanawake wakimlaani aliyewaacha waume zao wafe. Walimtaja Meja, lakini yeye alijua laana hiyo ni ya nani. Akaingia ghalani.

"Wale wanne," Victorine alisema. "Ni wazima?"

"Nilibaacha bazima. Beko pale ku jiwe. Nilisikia bale bantu banasema batabarudisha pale kila asubuhi, mupaka giza."

Victorine hakumpigia Kanali. Alipiga moja kwa moja chumba cha redio cha Luano, akapokelewa na afisa wa zamu aliyewahi kufanya naye kazi. Alimweleza kwa maneno machache: kuna askari wanne juu ya lile jiwe, na shahidi yuko mkononi mwake, amwekee simu karibu na redio, rubani amsikie. Afisa alishusha sauti. Akasema amri si yake. Victorine akamwambia kwamba hata kunyamaza kwake kutaulizwa mahakamani, na yeye Victorine ndiye atakayeuliza. Kukasikika kiti kikiburutwa.

Halafu ukaja mngurumo, na ndani ya mngurumo sauti ya rubani wa mbele akiuliza nani anazungumza.

Sylvain alishika simu kwa mikono miwili. "Kangwa," alisema. "Iko Kangwa."

Rubani alijibu kwamba Kangwa ni marehemu, na kwamba waasi wana redio na wanajua majina. Alisema anaendelea na safari.

Christiane alikuwa amesimama mlangoni ameshika mwimo. Sylvain alimtazama, akapangusa jasho kwa bega. Alipofungua tena kinywa hakusema polepole. Alisema kama alivyosema siku zote, maneno yakikanyagana, ya Kibemba yakipenya katikati.

"Sikiliza muzuri. Mulima ya Mulonde, iko jiwe kubwa yenye kupasuka katikati. Bunduki yabo iko chini ya muti ya musuku, mukono ya kushoto. Bantu betu bane beko mukono ya kuume, ku chungwa, banabafunga mikono. Kati yabo na bunduki ni kama toka mulango mupaka ku barabara. Ukipiga bunduki, unapiga na bo. Mi nilikuwa pale. Niko Kampemba sasa, mulipita juu ya kichwa yangu, muko babili, mumebeba roketi. Muasi ya Mulonde ataona ile namna gani? Rudia ku Luano, mukubwa. Nakuomba, rudia."

Mngurumo uliendelea vilevile, sawasawa, bila kupanda wala kushuka. Kule mbele ya nyumba wanawake walianza ubeti mwingine. Sylvain alikuwa ameng'ata ngozi ya kidole mpaka damu ikatoka. Victorine alijikuta anasali, naye hakuwa mtu wa kusali kazini.

"Bien reçu, tumekusikia, Kangwa," sauti ikasema. "Tunarudia ku Luano."

Simu ilikuwa bado mkononi mwa Sylvain mlio uliporudi juu ya mabati. Alijikunja tena, lakini safari hii hakuziba mdomo. Helikopta ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, roketi zote ubavuni. Christiane alikaa chini palepale mlangoni.

Kisha simu ikazungumza tena. Victorine aliichukua. Sasa alikuwa Kanali Aristote mwenyewe, naye hakupandisha sauti. Alizungumza kama mtu anayeagiza chai.

"Capitaine Mapalo, Luteni Kangwa tulimuzika. Nilikuwa pale ku kaburi. Dereva yangu iko hapo ku mulango. Umupatie ile maiti, airudishe."

Victorine alikata simu. Luteni akionekana hai, ripoti ya Kanali ingekuwa uongo, na Kanali ndiye angeulizwa. Sylvain aliuliza Kanali amesema nini, naye akamwambia neno kwa neno. Christiane aliinuka upesi, akaonyesha ukuta wa nyuma, ambao ulikuwa mfupi. Nyuma ya ukuta kuna kinjia, kinjia kinafika reli, na Sakania, mpakani, kuna ndugu. Mtu akivuka mpaka amepona.

Kapteni alikataa. Alisema mtu ambaye serikali imeshamzika, akiuawa leo relini hakuna atakayeulizwa. Atakuwa amekufa zamani. Na Meja Alexis ataoza gerezani, na wale wanne wataendelea kukalishwa juu ya jiwe mpaka siku helikopta zitakaporuka tena.

"Utapita mbele," alisema. "Bote bakuone."

"Bale bamama bataniua."

Victorine alijibu kwamba hilo hawezi kumwahidi. Anachojua ni kwamba aliyeko getini hataweza kumchukua mbele ya macho ya mtaa.

Walipita ndani ya nyumba, Victorine mbele, Sylvain nyuma yake, Christiane amemshika mume mkono. Walipotokea chini ya turubai wimbo haukukatika mara moja. Ulikatika mdomo mmoja baada ya mwingine, kuanzia waliokuwa karibu na mlango. Mwanamke mmoja alirudi nyuma na kiti chake kikaanguka. Mzee wa kanisa alifanya ishara ya msalaba. Halafu simu zikaanza kuinuliwa, moja, nyingine, nyingine tena, zote zikimwelekea mtu mweusi wa vumbi aliyesimama katika kilio chake mwenyewe.

Dereva mnene alikuwa ameshuka. Mkono wake ulikuwa kiunoni, chini ya koti. Aliziangalia zile simu, akatazama geti, akautoa mkono polepole ukiwa mtupu.

"Huyu njo Luteni Sylvain Kangwa," Victorine alisema kwa sauti ya kufika barabarani. "Iko muzima. Minamupeleka ku tribunal mimi mwenyewe, na tutaenda na miguu. Mwenye kutaka kutufuata, akuje."

Wanaume walianza kusimama. Lakini kabla hawajafika getini Michelle alisimama mbele yao. Aliweka sinia chini kwanza, taratibu, glasi zisimwagike.

"Bwana yangu," alimwambia Sylvain. "Ariel. Ulimuacha wapi?"

Sylvain alimtazama Victorine, naye hakumsaidia. Hapakuwa na njia ya kumsaidia. Akamgeukia Michelle.

"Njo yeye mulizika, mama. Mu nafasi yangu."

Michelle hakupiga kelele. Aligeuka, akapita katikati ya wanawake, nao wakakunja miguu kumpa njia, mpaka akafika kwenye mkeka wa mfiwa uliobaki wazi. Akakaa.

Christiane aliuachia mkono wa mumewe. Akaenda mkekani, akajifungua kitambaa cheusi, akakifunga kichwani pa Michelle, fundo kwa nyuma, akalikaza vizuri. Wanawake walikuwa bado kimya wakati Victorine na Sylvain wanatoka getini na wanaume wa mtaa pande zote mbili. Walikuwa wamefika barabara kubwa ndipo waliposikia, nyuma yao, mtu mmoja akianzisha wimbo upya, na wengine wakimwitikia.